Ngapi zinaruka asubuhi hii?

Ufukweni Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, mtu akitazama baharini huona majukwaa ya chuma yamesimama majini kwa miguu yake. Ni San Marco na Santa Rita, yaliyoletwa na Waitaliano miaka ya 1960. Kutoka hapo, Desemba 12, 1970, ilirushwa setilaiti ya Marekani iliyoitwa Uhuru, kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka saba tangu mkoloni ashushe bendera. Roketi ya mwisho iliondoka 1988. Tangu hapo chuma kile kimeachiwa bahari, na bahari haijakionea huruma.

Pwani hii ndiyo inayoilisha Kenya sehemu kubwa ya chumvi yake. Gongoni, Marereni na Kurawa kuna mashamba ya chumvi yanayokwenda hadi macho yachoke. Upepo wa chumvi unaokausha maji ya madimbwi yale hauchagui cha kuguguna. Mabati ya nyumba zilizo karibu na maji hutoboka wakati yale ya Ganze, kule bara, bado yanang'aa. Kufuli la lango hushika, likadai mafuta ya taa ndipo lifunguke. Msimu wa kusi, mawimbi yakipasukia mwambani, ukungu wa maji ya chumvi huingia bara na kutua juu ya kila kitu kisichofunikwa.

Ndani ya hewa hiyohiyo ndimo zinamopita chopa za jeshi. Tangu Mpeketoni ishambuliwe Juni 2014, na hasa tangu Operesheni Linda Boni ya kuwasaka Al-Shabaab ianze Septemba 2015, mngurumo wake juu ya ukanda huu umekuwa jambo la kawaida, nao watoto wameshajua kutofautisha. Huey ina mapanga mawili mapana yanayopiga hewa kwa kishindo, kama mtu anayekung'uta mkeka, na husikika dakika nzima kabla haijaonekana. Ndogo ile yenye sauti ya nyuki ni MD. Zote mara nyingi zinaelekea upande mmoja: uwanja wa Manda huko Lamu, kisha msitu wa Boni.

Mazungumzo ya kitaifa kuhusu helikopta hizi yalianza kwa msiba. Alhamisi, Aprili 18, 2024, Huey ya Jeshi la Wanahewa ilianguka Sindar, Marakwet, muda mfupi baada ya kupaa kutoka Shule ya Upili ya Wavulana ya Cheptulel. Mkuu wa Majeshi, Jenerali Francis Ogolla, alifariki pamoja na wenzake tisa, wawili wakanusurika. Ogolla mwenyewe alikuwa rubani wa ndege za kivita na aliwahi kuwa kamanda wa jeshi hilo la anga. Siku tatu baadaye akazikwa kwao Alego, Siaya, bila jeneza, kama alivyousia. Nchi nzima ikaanza kuuliza kama helikopta hizi ni salama, swali ambalo wa Lamu walikuwa wameliuliza miezi saba kabla, usiku wa Septemba 18, 2023, Huey nyingine ilipoanguka kaunti yao ikiwa katika doria ya usiku na waliokuwemo wote wakapoteza maisha. Miaka miwili nyuma ya hapo, Juni 2021, ilikuwa zamu ya Mi-171, helikopta kubwa ya Kirusi, iliyoanguka Ol Tepesi, Kajiado, ikiwa katika mazoezi. Wanajeshi wasiopungua kumi walikufa.

Jibu likaja haraka. Mei 2024, Rais William Ruto akiwa ziarani Washington, Ikulu ya Marekani ilitangaza kwamba Kenya itapata helikopta 16: Huey 8 na MD-500 nyingine 8, zikitarajiwa kati ya mwishoni mwa 2024 na katikati ya 2025. Katika ziara hiyohiyo Marekani iliiweka Kenya kwenye orodha ya washirika wake wakuu walio nje ya NATO, nchi ya kwanza kusini mwa Sahara kupewa hadhi hiyo. Magazeti yaliandika 16 kwa herufi kubwa, na katika vijiwe vya kahawa Malindi watu wakapumua: basi zile kuukuu zitastaafu.

Mimi sikupumua. Idadi ya zilizoletwa ni habari ya siku moja. Ninachotaka kujua, na nadhani kila anayeishi kati ya Mtwapa na Kiunga angetaka kujua, ni ngapi kati ya zilizopo zinaweza kupaa asubuhi hii, sasa hivi, simu ikipigwa.

Helikopta haihesabiwi umri kwa miaka peke yake. Kila kiungo muhimu kina saa zake: panga lina saa kadhaa za kuruka kisha linatupwa hata kama linaonekana zima, giaboksi ina saa zake kisha inafunguliwa yote, injini vivyo hivyo. Saa hizo huandikwa katika daftari linaloifuata ndege maisha yake yote. Mashine ya mwaka 1970 ambayo viungo vyake vyote vimebadilishwa kwa wakati yaweza kuwa salama kuliko ya mwaka 2015 ambayo daftari lake lina mapengo. Hatari haianzi na uzee. Inaanza pale spea inapokosekana na mafundi wakaamua kuchinja moja ili nyingine iruke. Leo wanatoa pampu, kesho kipimo cha mafuta, keshokutwa panga la mkiani, na kabla ya mwaka kwisha kuna bodi tupu pembeni mwa hanga, ambayo kwenye karatasi bado inahesabiwa kuwa helikopta.

Pwani inaongeza juu ya hayo kazi ya chumvi. Helikopta iliyoruka chinichini juu ya bahari inatakiwa kuoshwa kabla chumvi haijakauka. Fundi huanzia juu, kwenye kichwa kilichoshika mapanga, akashuka na mpira wa maji matamu hadi mkiani, akiinua kila kifuniko na kuingiza maji kwenye kona ambazo jicho halifiki. Halafu injini yenyewe hunyweshwa. Mwenzake hukaa ndani akaizungusha kwa starta bila kuwasha moto, huku maji yakinyunyizwa mdomoni mwake, yakapita katikati ya vijipanga vya kompresa na kutokea nyuma yakiwa na rangi ya chai. Hurudiwa hadi yatoke meupe. Kisha injini huwashwa kidogo, joto limalize unyevu, vifuniko hurudishwa, na mafuta ya kuzuia kutu hupakwa kwenye viungio. Nyingi za helikopta za zamani zina makasha ya giaboksi yaliyotengenezwa kwa aloi ya magnesiamu, madini mepesi yanayopendwa na wahandisi na kuchukiwa na kila fundi wa pwani, kwa sababu chumvi ikipata mkwaruzo mmoja tu kwenye rangi huyala kama mchwa. Kazi yote hii inataka maji matamu, tena mengi. Na Manda ni kisiwa ambacho maji matamu yamekuwa shida yake tangu enzi za miji yake ya kale.

Mchanga nao una fungu lake. Kila helikopta inapotua pahala pasipo na lami, mapanga yake huchota vumbi na kulisukuma kwenye makali yake yenyewe na mdomoni mwa injini. Kuna vichujio vya kuzuia, navyo vinahitaji kusafishwa na kubadilishwa. Kiwanja cha kutua msituni hakina fundi wala ghala.

Ukiangalia jinsi Kenya ilivyofika hapa utaelewa kwa nini karakana zake zina kazi ngumu. Miaka ya mwisho ya 1970, Somalia ikiwa imetoka kupigana na Ethiopia kwa vifaru huko Ogaden, Nairobi iliingiwa na wasiwasi juu ya mpaka wake. Ikanunua Hughes 500 kutoka Marekani, ndogo, nyepesi, baadhi zikiwa na makombora ya kuvunja vifaru. Puma za Kifaransa zikawa za kubebea wanajeshi. Kisha likaja jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982, lililoongozwa na askari wa jeshi la anga. Jeshi hilo likavunjwa na kuundwa upya kwa jina la 82 Air Force. Hughes zilikuwa mikononi mwa Jeshi la Nchi Kavu, katika kikosi cha 50 Air Cavalry kule Embakasi, zile kubwa zikiwa kwa wanahewa. Nchi ndogo, helikopta chache, nyumba mbili. Baadaye ndipo ikaundwa kamandi moja ya pamoja ya helikopta, Embakasi.

Zikaongezeka Z-9 za Uchina, ambazo moja yake ilianguka Liboi Oktoba 2011, Operesheni Linda Nchi ya kuingia Somalia ikiwa ndiyo kwanza inaanza. Zikaja Mi-171 za Urusi. Kuanzia mwishoni mwa 2016 zikaja Huey II, msaada wa Marekani. Januari 2020, katika mwezi uleule ambao Al-Shabaab walishambulia uwanja wa Manda na kuua Wamarekani watatu na kuteketeza ndege, Waziri wa Ulinzi Monica Juma alipokea Embakasi MD 530F sita, mpya kabisa kutoka kiwandani.

Hesabu mwenyewe: Marekani, Ufaransa, Uchina, Urusi. Kila aina ina kitabu chake, vifaa vyake vya kupimia, fundi wake aliyesomea kwingine, rubani wake mwenye leseni yake, na spea zake zinazoagizwa kwa sarafu na siasa tofauti. Vita vya Ukraine vilipoanza Februari 2022 na vikwazo vikafuata, yeyote mwenye mashine ya Kirusi alijikuta akiuliza giaboksi yake ataipeleka wapi kufunguliwa. Kwa jeshi lenye maelfu ya ndege, mchanganyiko ni utajiri. Kwa jeshi la ukubwa wa Kenya ni mzigo, na mzigo huo hauonekani kwenye sherehe ya kukata utepe.

Kwa jicho hilo, zile 16 zina upande wake mzuri. Huey na MD tayari ziko nchini, mafundi wanazijua, ghala zipo. Kuongeza aina ambayo tayari unayo ni akili kuliko kuleta nyingine mpya. Hilo nalikubali bila kinyongo.

Lakini msomaji ajue Huey II ni kitu gani. Huey ya kwanza iliruka Oktoba 1956, kabla Ghana haijapata uhuru. Ndiyo iliyojaa kwenye picha za vita vya Vietnam. Huey II ni bodi ya zamani ya UH-1H iliyofunguliwa hadi mifupa, ikakaguliwa, ikawekewa injini yenye nguvu zaidi, mkia, kichwa cha mapanga na vifaa vipya. Wenye kiwanda wana haki ya kusema imezaliwa upya. Mkenya wa kawaida, aliyezoea kununua gari la Japani lililotembea na shati la Gikomba, ana neno lake: mitumba. Sitalitumia kwa dharau, maana mitumba bora huvaliwa miaka. Kenya ilishawahi pia kununua ndege za kivita F-5 zilizotumika kutoka Jordan, na mjadala wake bungeni ulikuwa mkali kuliko wa mavazi.

Tatizo langu na Huey huku pwani ni jingine. Ina injini moja.

Injini ya helikopta ikizimika angani, ndege haianguki kama jiwe. Rubani hushusha haraka wenzo wa mkono wa kushoto, mapanga yakalegea, na upepo unaopanda kutoka chini huendelea kuyazungusha kadiri ndege inavyoshuka. Karibu na ardhi huinua pua, akavuta wenzo, akatumia nguvu iliyobaki kwenye mapanga kutua taratibu. Marubani huyafanyia mazoezi haya tangu siku za mwanzo za chuo. Yanahitaji vitu viwili: kimo cha kutosha na pahala pa kutua. Ukiwa mita chache juu ya miti, kimo hakipo. Ukiwa juu ya Boni usiku, au juu ya mikoko ya Dodori, au maili kadhaa kutoka pwani ya Kipini, pahala hapapo. Injini ya pili haimalizi hatari yote, ila humpa rubani dakika za kufika penye uwazi. Kwa doria za Tsavo au Kajiado injini moja inatosha vizuri. Kwa msitu na bahari ningependa mbili, na ningependa mtu wa wizara aeleze kwa nini zinazoletwa ni za moja.

Wala simaanishi kwamba injini mbili au upya ni dawa. Mi-171 ya Ol Tepesi ilikuwa na injini mbili. Helikopta ya polisi iliyomuua Waziri George Saitoti na naibu wake Orwa Ojode katika msitu wa Kibiku, Juni 10, 2012, ilikuwa haijamaliza hata mwaka tangu inunuliwe. Na miezi miwili baadaye, Agosti 2012, Uganda ilipoteza helikopta za kivita Mi-24 tatu kwa mpigo kwenye mteremko wa Mlima Kenya, zikiwa safarini kwenda Somalia kujiunga na AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika. Baraza la Usalama lilikuwa limeidhinisha helikopta 12 kwa kikosi hicho Februari ya mwaka huo, na kwa miezi zilisubiriwa. Zilipokuja, tatu kati ya nne zilizovuka Kenya hazikufika. Mi-17 iliyoandamana nazo ilitua salama Garissa. Hakuna adui aliyerusha hata risasi.

Kwa hiyo tunaponunua, tunanunua nini? Mwaka 2017 Bunge la Marekani liliarifiwa kuhusu uwezekano wa kuiuzia Kenya MD 530F kumi na mbili, na thamani iliyokadiriwa ilikuwa dola milioni 253. Fedha hizo hazikuwa za mashine pekee. Ndani yake mlikuwa na silaha, spea, vitabu, mafunzo na wataalamu wa kukaa nazo. Wengi walioona tarakimu ile waligawa kwa kumi na mbili wakapiga kelele kwamba tumeibiwa. Mimi naona kinyume chake: mpango usio na mafungu hayo ndio wa kutiliwa shaka. Anayekupa helikopta bila spea amekupa sanamu ya kupamba lango la kambi.

Msaada una tabia yake pia. Mwenye kutoa huchagua aina, huchagua wakati, na anaweza kubadili nia serikali yake ikibadilika. Spea za mwaka wa kwanza huja na zawadi. Za mwaka wa sita zinatoka kwenye bajeti ya Nairobi, na huo ndio mwaka ambao hakuna waandishi wa habari. Kwa wanaopenda mfano wa nyumbani wa kununua bila kuongeza aina, wenye mwisho mwema, jeshi la anga lilibadilisha Buffalo zake za Kanada, zilizotumika tangu miaka ya 1970, kwa C-27J Spartan tatu za Italia. Aina moja ikatoka, aina moja ikaingia.

Kuna watakaosema haya ni mambo ya wanajeshi, raia wa Kilifi yanamhusu nini. Yanamhusu kwa sababu ya mvua. Novemba 2023, El Niño ilipopiga, daraja la Mbogolo lilisombwa na barabara kuu ya Malindi na Kilifi ikakatika. Magari yaliyokuwa na wagonjwa, samaki, wanafunzi na watalii yakakaa pande mbili yakitazamana. Kaskazini zaidi, Mto Tana ukifurika, kama unavyofanya kila miaka michache, vijiji vya delta hugeuka visiwa na njia ya Garsen kwenda Lamu huwa ya mitumbwi. Siku hizo chopa ndiyo barabara. Mama mwenye uchungu wa kuzaa aliyezingirwa na maji hajali imeundwa mwaka gani, mradi iko tayari na kuna aliyefuzu kuiendesha mvuani.

Na mara nyingi inayoweza kubeba watu wengi na magunia kwa mkupuo ni ya jeshi. MD haifai kazi hiyo. Ni ya viti vichache. Huey hubeba zaidi ya kumi, Mi-171 zaidi ya ishirini. Anayepanga kikosi cha baadaye kwa kuwaza Boni tu atanunua ndogo zenye silaha. Anayekumbuka Tana atabakiza nafasi kwa kubwa.

Sheria iko upande wa mama huyo. Kifungu cha 241 cha Katiba ya 2010 kinaagiza Majeshi ya Ulinzi yasaidiane na mamlaka nyingine wakati wa dharura na majanga, na kila yanapotumwa kwa kazi hiyo yatoe taarifa kwa Bunge la Taifa. Wajibu wa kutoa taarifa hizo upo tayari. Hakuna haja ya kutunga sheria mpya. Zingeongezewa safu moja tu, isiyofichua siri ya vita wala mahali pa kambi: siku ombi la msaada lilipofika, helikopta ngapi zilikuwa nchini, na ngapi kati yake zilikuwa na daftari safi, mafuta, rubani na ruhusa ya fundi ya kupaa. Wabunge wa Kilifi, Tana River na Lamu wanaweza kuidai safu hiyo kabla ya mvua nyingine za vuli, na waiulizie hasa Manda: kisima au tangi gani la maji matamu linatumika kuosha zile zinazorudi kutoka baharini, na nani huweka sahihi kwamba zimeoshwa.